Nyanya za Chini ya Kreti

Leo sikuletei mahubiri, nakuletea ungamo, na ungamo lenyewe linahusu nyanya. Mimina chai, kaa, unisikilize mpaka mwisho. Najua kuna mtu mmoja ambaye jambo hili ni lake.

Wengi wenu mnajua kwamba nyuma ya nyumba yetu, hapa Nakuru, kuna kashamba. Ni robo ekari tu. Mkipita siku ya Jumatatu mnaniona na gambuti miguuni, nimeinama katikati ya vigingi, na wengine wenu mmewauliza wazee wa kanisa kama pasta ameacha wito. Sijaacha wito. Paulo alishona mahema, mimi napanda nyanya. Sadaka haitoshi kila mwezi, na watoto wa mchungaji pia hulipiwa karo.

Nyanya zangu si zile unazozoea kuona zikishushwa kwenye lori. Mama yangu alipolala katika Bwana, tulikuwa tukipanga vitu vyake nikakuta mkebe wa Blue Band kwenye rafu ya jikoni. Ndani kulikuwa na vipande vya gazeti vilivyokunjwa, na kwenye kila kipande mbegu za nyanya zilizokauka zikiwa zimegandia karatasi. Mama aliziita "manimeka". Nilipokuwa mdogo nilidhani ni neno la lugha yetu ya nyumbani. Baadaye ndipo nikajua ni Moneymaker, nyanya ya zamani kutoka Uingereza, ambayo wakulima wa Kenya wameipanda kwa miaka mingi. Jina hilo maana yake ni mtengeneza pesa. Mpendwa, nakuambia kama mtu aliyejaribu: jina ni jina tu.

Nilizipanda zile mbegu kwa sababu ya huzuni, si kwa sababu ya biashara. Nilitaka kuonja tena mboga ya mama. Zilipoiva, watoto wangu wakazipa jina lao. Wakaziita "nyanya za nyanya". Mpaka leo hilo ndilo jina lake hapa kwetu.

Sasa niruhusu nikufundishe kidogo, maana kilichofuata hutakielewa bila hili.

Ukienda duka la pembejeo ukanunua mbegu chotara, kama Anna F1, umenunua mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa kwa makini na wataalamu. Ni mbegu nzuri. Inazaa sana, na nyingi zimepewa nguvu ya kustahimili magonjwa fulani. Sina neno baya juu yake; akili ya wataalamu hao ni Mungu aliyewapa. Lakini ukikamua mbegu za tunda lake ukapanda, watoto watatawanyika. Huyu atamfuata babu, yule bibi, mwingine hata hujui katoka wapi. Ndiyo maana kila msimu unarudi dukani.

Nyanya ya urithi ni tofauti. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, na mbegu hizi za zamani zimetulia katika ukoo wao. Ukihifadhi vizuri, unachopanda ndicho unachovuna, mwaka baada ya mwaka. Soma Mwanzo 1:12 utaona jinsi Mungu alivyoupa kila mmea mbegu ya kuendeleza aina yake. Mama hakwenda chuo cha Biblia, lakini andiko hilo alikuwa nalo kwenye mkebe.

Kuhifadhi kwenyewe si kazi ngumu, ila kunataka uaminifu. Usichague tunda zuri. Chagua shina zuri. Tunda moja linaweza kupendeza kwenye shina dhaifu. Unatafuta shina ambalo lilisimama wakati wengine wanaugua, ukalifunga uzi mapema ili mtu asilichume kwa bahati mbaya. Unaliacha tunda liive kabisa shambani. Unalikamulia kwenye gilasi pamoja na ule ute wake, unaacha lichachuke siku mbili au tatu. Litanuka, na juu litaota ukungu. Usiogope. Ule ute unaoizuia mbegu kuota ndio unaoyeyuka hapo. Mbegu nzima huzama, takataka na nyingi zilizo tupu huelea. Unaosha kwenye kichungi cha chai, unaanika kwenye sahani kivulini, kisha unaweka mahali pakavu. Zitakaa miaka minne au mitano zikiwa hai bado.

Lakini nyanya hii ina udhaifu mmoja, na udhaifu huo ndio ulionianika.

Ngozi yake ni nyembamba. Jua likiwa kali wiki mbili halafu mvua ikashuka ghafla, shina hunywa maji mengi kwa pupa, tunda likavimba kuliko ngozi yake, likapasuka mabegani. Halikubali safari. Dalali mmoja alikuja hapa na lori lake likielekea Nairobi. Akaibonyeza moja kwa kidole gumba, akacheka, akaniambia, "Pasta, hii itafika Marikiti ikiwa supu." Akaondoka. Na alisema kweli.

Kwa hiyo nyanya za nyanya huuzwa karibu, zikiwa zimeiva, kwa mtu anayejua utamu wake. Wateja wangu ni akina mama mboga wa hapa mtaani. Mmoja wao ni mshirika wetu, mama mjane mwenye watoto watatu. Kibanda chake kiko kando ya barabara karibu na stendi ya bodaboda. Sitamtaja jina, na wewe unayemjua, tafadhali usimtaje. Yeye ndiye aliyeanza kuwaambia wateja, "Hizi ni za pasta, onja kwanza." Watu wakaonja. Wakarudi. Sifa ya nyanya zangu ilijengwa na mdomo wa yule mama.

Basi ikafika Desemba 2025. Kiangazi kifupi, halafu mvua ya usiku mmoja. Nikaamka Ijumaa nikakuta karibu theluthi ya nyanya zilizoiva zimepasuka. Nilisimama pale shambani nikapiga hesabu. Januari shule zinafunguliwa. Binti yangu anahitaji karo, viatu, na godoro. Nikahesabu tena, haikutosha.

Jumamosi yule mama alikuwa ameagiza kreti moja ya kilo 20, kwa shilingi 70 kila kilo. Nikaanza kupanga. Chini nikaweka nzuri kidogo. Katikati nikaweka zilizopasuka, na zile ndogo, na chache zilizokuwa na kuoza kitako, ule ugonjwa wa doa jeusi chini ya tunda ambao huja maji yanapokuwa ya kuruka-ruka. Juu nikapanga nyekundu, nzima, zinazong'aa, kila moja vikonyo vikitazama upande mmoja. Ningekuonyesha picha ungesema Amina.

Nilijua ninachofanya, mpendwa. Sitakuambia kwamba shetani alinipofusha. Nilichagua kwa mkono wangu, moja moja. Kila nilipoweka iliyopasuka nilikuwa na sababu tayari. Kwamba kila mtu sokoni hufanya hivyo. Kwamba hata yeye atazichanganya kwenye mafungu yake. Kwamba Mungu anaona shida yangu. Nikamtuma kijana wa bodaboda. Saa sita ujumbe wa M-Pesa ukaingia: shilingi 1,400. Nikasema, "Asante Yesu." Ndiyo, nilimshukuru Yesu kwa pesa hizo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wakati wa sadaka nilisimama nikafungua Luka 6:38. Wewe unajua andiko hilo, maana nimelisoma mbele yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ni lile la kipimo kilichojaa, kinachotikiswa na kushindiliwa mpaka kimwagike. Nililihubiri kwa nguvu. Nilionyesha kwa mikono jinsi debe la mahindi linavyotikiswa ili lipokee zaidi. Yule mama alikuwa safu ya tatu, akipiga makofi. Akaja mbele na bahasha yake akaiweka kwenye kikapu, akarudi kuketi. Na mimi sikusikia kitu. Nakuambia hili ili uogope kidogo, kama ninavyoogopa: mtu anaweza kuhubiri andiko vizuri sana na lisimguse hata kidogo.

Jumatatu jioni nilikuwa nikirudi kutoka kumtembelea mgonjwa. Nikapita karibu na kibanda chake. Nikamwona ameinama juu ya beseni, anatenganisha nyanya. Beseni lilikuwa limejaa zilizopasuka, na baadhi zilikuwa zimeanza kutoa maji. Wateja wawili walikuwa wamesimama hapo. Aliponiona nakuja, alivua leso yake begani akaifunika beseni haraka. Kisha akanisalimu kwa furaha yake ya siku zote.

"Pasta, Bwana asifiwe! Karibu. Nyanya zako zinakwenda vizuri."

Nikashindwa kujibu. Nilielewa alichofanya. Hakufunika beseni ili kuficha hasara yake. Alifunika aibu yangu, ili wale wateja wasione kilichotoka kwa pasta. Mimi nilitumia nyanya nzuri kumficha ubaya, yeye akatumia leso yake kunistiri mimi.

Nilifika nyumbani sikula. Mama Mchungaji akaniuliza mara moja, akaniuliza mara ya pili, ya tatu nikamwambia. Hakunifokea. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Ngapi zilikuwa mbaya?" Nikasema labda kilo sita. Akasema, "Sita mara sabini ni shilingi 420." Halafu akaniuliza kwa upole, kama mwalimu wa Sunday School, "Zakayo alisema atarudisha mara ngapi?"

Shilingi 420, mpendwa. Hiyo ndiyo bei niliyojiuzia. Nimesoma chuo cha Biblia, nimewekewa mikono na wazee, nimezika watu na kufungisha ndoa, na siku ile nilipatikana kwa shilingi mia nne na ishirini. Mithali 11:1 inasema wazi jinsi Mungu anavyoichukia mizani ya ujanja. Nilikuwa nikidhani andiko hilo ni la wafanyabiashara wakubwa. Kumbe lilikuwa likikaa kwenye kreti yangu.

Asubuhi iliyofuata nilibeba shilingi 1,680 kwenye bahasha nikaenda kibandani mapema, kabla ya wateja. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njiani. Yote yakaniisha. Nikasema tu, "Mama, ile kreti niliipanga mwenyewe. Nilijua. Nisamehe."

Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Najua, Pasta. Zilikuwa zimepangwa. Nyanya hazijipangi." Akachukua shilingi 420 kutoka kwenye bahasha, akahesabu mbele yangu, akanirudishia zilizobaki. "Hii ni yangu, nimeichukua. Nimekusamehe. Hiyo nyingine mimi sitaki."

Nikamsihi achukue. Akakataa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Kama unataka kunipa kitu, Pasta, nipe mbegu."

Mpendwa, hapo ndipo nilipojua toba yangu ilikuwa na kina gani. Pesa nilikuwa tayari kutoa. Mbegu, moyo uligoma. Ana kiplot kidogo nyuma ya nyumba yake. Akipanda mwenyewe, hatahitaji kununua kwangu. Na ladha ile ikipatikana kwingine, mimi nitauza nini? Hizo ni mbegu za marehemu mama yangu! Nikatafuta kisingizio haraka, na nikakipata. Nikamwambia mbegu zangu si za dukani, hazijaidhinishwa, kuna mambo ya sheria.

Na kweli, kwa miaka mingi mkulima wa Kenya aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa alikuwa hatarini kushtakiwa. Lakini Novemba 2025, wiki chache tu kabla ya siku ile, Mahakama Kuu kule Machakos iliamua kwamba vipengele vya sheria vilivyomzuia mkulima kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu zake za kienyeji vinakiuka Katiba. Yule mama akaniambia, "Hiyo kesi si iliisha, Pasta? Tuliisikia kwenye redio." Hata kisingizio changu kilikuwa kimeisha muda wake.

Nikarudi nyumbani nikafungua mkebe wa Blue Band. Nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kwa makusudi. Mama hakuwahi kuuza mbegu zile wala kuzifungia. Jirani akija kuomba moto, alirudi na kaa la moto na kipande cha gazeti chenye mbegu. Ikiwa msimu mmoja zetu zilikufa, alikwenda kwa jirani yule yule kuomba. Mbegu ya urithi ilidumu kwa sababu ilikuwa kwenye nyumba nyingi. Ingebaki kwetu peke yetu, ukungu wa msimu mmoja wa mvua ungeimaliza, na mimi nisingerithi kitu.

Nikampelekea vipande viwili vya gazeti. Nikamwonyesha kitalu, nikamwambia asubiri wiki moja hivi ziote, na ahamishe miche baada ya wiki nne au tano. Miche yake ya kwanza ilinyauka mitatu. Iliyobaki ikashika. Mwezi wa tano alichuma.

Sasa usitarajie nikuambie kwamba baada ya hapo Bwana alinifungulia milango nikanunua pikapu. Hapana. Nimepoteza mauzo. Wiki nyingine yule mama hanunui kwangu hata kilo moja, na nikipita kibandani naona nyanya za mama yangu ambazo si zangu, na bado kuna siku moyo unauma. Ninaungama hilo pia. Karo ya binti tuliimalizia kwa kukopa chama.

Lakini kuna mambo yamebadilika. Siku hizi nina vikapu vitatu. Cha kwanza ni nzima zilizoiva. Cha pili ni zilizopasuka na ufa ukakauka. Hizo nazitaja jina lake, "za kupika leo", na bei yake iko chini. Utashangaa ni wangapi wanazitaka, hasa wenye vibanda vya chakula, maana kwenye sufuria hakuna anayeuliza ngozi. Cha tatu ni cha kuku na mboji. Na mnunuzi akija, naimwaga kreti yote mbele yake juu ya turubai, achague, ndipo tupime. Inachukua muda. Madalali hunicheka. Lakini nalala.

Nyanya yenye ngozi nyembamba imenifundisha hili: kitu kisichoweza kusafiri mbali huuzwa kwa kuaminiana tu. Yenye ngozi ngumu inaweza kuuzwa kwa mtu ambaye hutamwona tena maishani. Yangu huuzwa kwa mtu ambaye Jumapili atakaa safu ya tatu.

Sasa nakuuliza wewe, mpendwa, na usinijibu mimi, jibu mbele za Mungu. Kreti yako imepangwaje? Juu tunaona. Tunaona ushuhuda, tunaona picha za harusi, tunaona unavyoimba. Katikati kuna nini? Wewe fundi, ile simiti uliyopunguza kwenye msingi wa mtu. Wewe mwalimu, vile vipindi usivyoingia. Wewe mzazi mwenzangu, ile sauti unayotumia nyumbani ambayo kanisani hatuijui. Je, kuna mtu anayekufunika kwa leso yake huku wewe ukihubiri?

Usingoje ziamue kutoa maji zenyewe. Nenda kwa yule mtu. Nenda mapema, kabla ya wateja. Maneno mazuri yakikuisha, sema machache ya kweli. Na akikuomba kitu ambacho hukupanga kutoa, hapo hapo ndipo toba yako inapoanza kazi.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, tumwage kreti zetu mbele zako. Wewe unaona mpaka chini na bado unatuita wanao. Tupe ujasiri wa kurudisha, na moyo wa kugawa mbegu. Wabariki wajane wanaositiri aibu zetu. Amina.

Mwenye kuhitaji mbegu za nyanya za nyanya, nitafute baada ya ibada. Ziko chache, lakini zipo. Hazina bei. Ila ukivuna, na wewe mpe jirani.